Kwenda na Kurudi, Hatua Ngapi?

Ziwa Torvik, Minnesota
7 Septemba 1993

Mpendwa Bi. Sundquist,

Hunifahamu. Jina langu ni Loretta Pruitt. Tangu Juni mimi, mume wangu Wendell na binti yetu Junia tunakaa katika nyumba uliyowahi kuishi wewe, hii iliyo juu ya ziwa. Anwani yako nimepewa na Bwana Tollefson wa dukani. Alisema, "Mwandikie, ila asipojibu usishangae." Nimeandika hivyo hivyo, maana mwenye shida hachagui mlango wa kubisha.

Junia ana miaka kumi na mmoja na namfundisha nyumbani. Nilimtoa shule mwaka jana kwa sababu walikuwa wakimwita "Sufuri", darasani, uwanjani, mpaka ndani ya basi la shule. Kusoma anasoma vizuri kunishinda mimi. Hesabu ndiyo imetushinda. Akiona 16 anaandika 61. Jedwali la saba tumelirudia mpaka paka naye analijua, kesho yake limeyeyuka. Ananiambia tarakimu zinacheza.

Kina mama wa kanisani wanaofundisha watoto wao nyumbani kila mmoja ana mtaala wake na anauapia. Wa kwanza anasema kanda za video. Wa pili anasema vipande vya mbao vya rangi, ambavyo Junia alivitazama akasema, "Mama, hivi si vya watoto wa chekechea?" Bi. Fenske anasema maswali thelathini kila siku, utake usitake, kama dawa ya minyoo. Nimejaribu kanda, nimejaribu thelathini. Zote zimeishia mtoto kujifungia chooni akilia. Mwezi wa Mei lazima afanye mtihani wa serikali, na Wendell amesema akianguka tena anarudi shule. Alidhani Junia hasikii. Alisikia.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike. Nilipokuwa nikisafisha nyuma ya kabati la jikoni nilikuta madaftari matatu yameandikwa kwa mkono: *Hesabu za Nyumbani, Kitabu cha Kwanza, cha Pili, cha Tatu. O. Sundquist.* Maswali yote yanahusu nyumba hii. Ngazi za kushukia chumba cha chini ni ngapi, miti mingapi kutoka mlangoni hadi langoni. Junia alifungua la kwanza, akasimama palepale akisoma, kisha akaniomba penseli. Bi. Sundquist, sikumbuki mara ya mwisho mtoto huyu kuomba penseli.

Tunaweza kuyatumia? Na majibu je, unayo?

Wako,
Loretta Pruitt


Fargo, North Dakota
15 Septemba 1993

Bi. Pruitt,

Barua yako imefika. Sikujua kwamba madaftari yale bado yapo.

Niliyaandika kwa ajili ya binti yangu, Signe, alipokuwa na umri wa binti yako. Nilikuwa mwalimu kabla ya kuolewa, na theluji ilikuwa ikitufungia barabara miezi minne kila mwaka, kwa hiyo alisomea jikoni. Naye tarakimu zilikuwa zikimcheza. Wakati ule niliita uvivu.

Yatumieni. Kitabu cha majibu ninacho hapa na sitakituma. Nitumie kazi zake, nitasahihisha mwenyewe.

Nina sharti moja. Kurasa nne za mwisho za Kitabu cha Tatu zikate uzichome kabla mtoto hajazifikia. Hazifai.

O. Sundquist


Ziwa Torvik
4 Oktoba 1993

Mpendwa Bi. Sundquist,

Kurasa zile nilizikata siku ileile barua yako ilipofika, nikazitia kwenye jiko la kuni bila kuzisoma. Nilichoona ni mchoro wa kibanda kidogo, basi.

Nakutumia kazi za mwezi mzima, na naomba radhi mapema. Amekaa vizuri, halii, hataki hata kuinuka. Anakaa kwenye kiti cha dirishani badala ya mezani. Lakini majibu! Nimeyakosoa kwa kalamu nyekundu nikaishiwa wino. Mitufaha kutoka mlangoni hadi langoni ameandika tisa. Ni minne, nimeigusa mmoja mmoja. Ngazi za chumba cha chini ameandika kumi na tatu, nazo ni kumi, za saruji. Madirisha yanayotazama ziwa ameandika matatu. Ni matano, nayapangusa kila Jumamosi!

Nikamwambia, "Junia, toka nje ukahesabu."

"Nimeshahesabu."

"Umehesabu saa ngapi? Hujatoka tangu ulipoamka."

"Mimi sijatoka. Yeye ndiye aliyetoka."

Nilidhani ni jeuri ya umri huo, nikamnyima jamu kwenye mkate. Alikula mkate mkavu bila kulalamika, akaendelea kuandika.

Niambie ukweli kama mwalimu. Kitabu kimemzidi? Nirudi kwa Bi. Fenske na dawa yake ya minyoo?

Wako,
Loretta


Fargo
12 Oktoba 1993

Bi. Pruitt,

Nimesahihisha kazi zote kwa kitabu changu cha majibu. Maswali sitini na nne. Hakukosa hata moja.

Mitufaha ilikuwa tisa. Mitano lazima ilikufa baadaye. Ngazi zilikuwa za mbao, kumi na tatu. Madirisha yaliyotazama ziwa yalikuwa matatu.

Nijibu haya moja baada ya jingine. Je, Tollefson amekuwa akimsimulia mtoto habari za nyumba? Kuna picha za zamani zilizobaki humo ndani? Na mtoto anaandika kwa mkono gani?

Hiyo kalamu nyekundu iweke mbali. Mimi niliitumia sana.

O. Sundquist


Ziwa Torvik
27 Oktoba 1993

Mpendwa Bi. Sundquist,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa.

Tollefson hajawahi kuzungumza na Junia zaidi ya "Habari yako, binti." Nilipomuuliza mimi aliniambia nyumba ya kwanza iliungua mwaka sabini na mbili na hii ikajengwa juu ya msingi uleule; madaftari yaliokokaje moto, hata yeye hajui. Picha hakuna. Kuhusu mkono: Junia ni wa kulia tangu ananyonya. Ila akifungua madaftari yako anaandika kwa kushoto. Niliona, nikadhani anacheza.

Na sasa nikuambie jambo la furaha, kisha nikuambie lile jingine.

Jumapili mezani Wendell alimtupia, kwa mzaha tu, "Saba mara nane?" Akajibu kabla baba yake hajafunga mdomo. Akamtupia kumi na mbili mara kumi na tatu. Akajibu. Wendell akaweka uma chini. "Nani amekufundisha wewe?"

"Tunarudia mpaka tupate. Tukikosa tunatumwa tena."

"Nyie na nani?"

Akacheka tu, akaomba pankeki nyingine. Wendell alimkaangia nne. Alikuwa akipiga mluzi jikoni, mume wangu ambaye hajapiga mluzi tangu kiwanda cha mbao kipunguze watu. Alisema, "Mei ije hata kesho."

Lile jingine ni soksi. Akimaliza somo soksi zake zimelowa mpaka kwenye vifundo, na sakafu chini yake ni kavu. Nazikamua kwenye sinki, maji baridi ya kukata vidole. Sijamwambia Wendell.

Usinihukumu. Mtoto wangu aliyeitwa Sufuri anafaulu. Ni mama gani angeuliza sana?

Signe yuko wapi siku hizi? Junia angependa kumwandikia.

Wako,
Loretta


Fargo
3 Novemba 1993

Bi. Pruitt,

Fungeni madaftari. Mtafutie mtoto mtaala mwingine, wowote ule. Chukua kanda, chukua maswali thelathini ya rafiki yako. Asikae tena kwenye kile kiti, na asisogee ziwani.

Signe yuko mbali. Hawezi kupokea barua.

Usiniulize sababu. Nifanyie tu.

O. Sundquist


Ziwa Torvik
19 Novemba 1993

Bi. Sundquist,

Nimekaa na barua yako wiki mbili nikijaribu kuimeza, haimezeki.

Mwezi uliopita ulisema kazi zake zote ni sahihi. Sasa amefaulu, unataka nimrudishe kwenye kilio chooni. Bila sababu! Wendell anasema labda binti yako hakufika mbali kwa vitabu hivyo na inakuuma kuona wa mwenzako anafika. Nilimkemea. Kama tumekukosea, ungesema tu.

Hatukufunga madaftari. Amemaliza yote matatu, na huu ndio uungwana wangu wa kukuambia.

Ila naomba msaada mmoja wa mwisho, maana hapa naona mtoto amekwama. Jumanne, baada ya kumaliza ukurasa wa mwisho uliobaki, alichukua karatasi safi akajitungia swali mwenyewe. Nakutumia karatasi yenyewe. Ameandika: *Kutoka ukingoni hadi kibanda cha kuvulia samaki, hatua ngapi? Kwenda, 388. Kurudi, 141. Jumla?* Hapo kwenye jumla hajajaza.

Nikamwambia, "Mwanangu, njia ya kwenda ndiyo ya kurudi. Ikiwa kwenda ni 388, kurudi kutakuwaje 141?"

Akanitazama kama mimi ndiye mwanafunzi. "Ndiyo maana lazima nikahesabu tena. Barafu ikishika tu."

Ziwani kwetu hakuna kibanda chochote. Maji yameanza kuganda ukingoni, asubuhi hii ziwa limekuwa jeupe mpaka katikati. Wewe ni mwalimu, niambie wapi amekosea ili nimwelekeze.

L. Pruitt


*[Nyuma ya karatasi ya oda ya duka, kwa penseli]*

Jumatano, 24 Nov., saa nne asubuhi

Ujumbe wa simu kwa Bi. Pruitt, kutoka kwa Bi. Sundquist, Fargo. Ameniambia niandike neno kwa neno na nisome tena ahakikishe.

"Barua nimeipata leo. Asikanyage ziwa. Akiwa ameshatoka, msimfuate, msimfokee, msimwambie amekosea. Mwambieni jibu ni sahihi. Mwambieni mama amesema jibu ni sahihi, aingie ndani."

Alikuwa analia. Simu kwenu hakuna, kwa hiyo naleta mwenyewe kwa gari.

A. Tollefson


Ziwa Torvik
28 Novemba 1993

Mpendwa Bi. Sundquist,

Yuko hai. Naanza na hilo ili usome mengine ukiwa umetulia.

Ilikuwa siku moja kabla ya Sikukuu ya Shukrani, nami nilikuwa nikisukuma unga wa pai ya maboga. Wendell alikuwa bandani akipasua kuni. Junia nilimwacha kwenye kiti cha dirishani na kitabu cha hadithi. Bwana Tollefson aliingia bila kubisha, akaninyooshea karatasi, akasema, "Mtoto yuko wapi?" Nikageuka. Kiti kilikuwa kitupu na mlango wa nyuma uko wazi.

Tulimwona tulipofika ukingoni. Alikuwa mbali sana, mdogo kama punje, amevaa soksi tu. Alikuwa ameshafika alikokuwa akienda. Tukamwona anasimama, anageuka, anaanza kurudi. Barafu ilikuwa na umande mweupe uliogandia juu, na ziwa lote lilikuwa kimya hata tukaweza kumsikia anavyohesabu. "Tatu. Nne. Tano." Sauti ilikuwa yake na haikuwa yake.

Wendell akataka kumkimbilia. Tollefson alimkamata mkanda kwa nyuma kwa mikono miwili. "Barafu inamvumilia yeye. Wewe utaivunja, mfe wote." Wendell akaita, "Junia! Rudi!" Wala hakuinua kichwa. Mbele yake, kwenye mstari aliokuwa akiufuata, kulikuwa na doa jeusi kwenye barafu, upana wa meza.

Alifika mia. Mimi nilikuwa bado na karatasi mkononi, imejaa unga. Nikaisoma mara ya pili, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba hukuwa na wivu nami hata siku moja.

Nikapiga kelele kwa pumzi zangu zote: "Jibu ni sahihi! Mama amesema jibu ni sahihi! Ingia ndani!"

"Mia na thelathini na nane," akasema. "Mia na thelathini na tisa."

"Ni sahihi, mwanangu! Umepata! Huna haja ya kuhesabu tena! Ingia ndani!"

"Mia na arobaini na moja." Na akasimama, mguu mmoja juu, doa lile jeusi likiwa mbele ya vidole vyake. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akasogea kidogo upande, kama unavyompisha mtu mlangoni. Halafu nikasikia sauti ya mwanangu, ninayoijua tangu azaliwe, inalia, "Mama? Mama, miguu inauma!"

Tollefson akamwelekeza alale kifudifudi, atambae kwa kuzunguka kushoto, na Wendell akamsukumia ngazi ndefu ya banda. Ilichukua nusu saa. Vidole viwili vya mguu vimepata baridi kali lakini daktari anasema vitabaki.

Nikiwa nimemkumbatia, nilimwona Wendell amesimama anaangalia ziwa. Nyayo za soksi za Junia za kurudi ziliishia pale kwenye doa, kisha alama za kutambaa zikaenda kushoto. Lakini kulikuwa na nyayo nyingine. Za buti, ndogo. Zilianzia upande wa huku wa doa lile, zikaja moja kwa moja mpaka ukingoni, zikapanda njia ya kwetu, zikaingia mlango wa nyuma. Hazikutoka.

Wendell haamini chochote asichoweza kukipigia msumari. Alichukua kipande cha mkaa cha kutilia alama akaanza kuhesabu nyayo zile kutoka ukingoni, kwa macho, kadiri alivyoweza kuona, na jua lilipopanda tukazihesabu tena kwa darubini ya Tollefson. Mia mbili arobaini na saba. Ukijumlisha na mia moja arobaini na moja, jibu unalijua.

Nisamehe barua yangu ya mwisho. Madaftari nimeyafunga kwenye karatasi na yako juu ya kabati. Sasa niambie, tafadhali. Signe alipatwa na nini?

Loretta


Fargo
6 Desemba 1993

Loretta mwanangu,

Niruhusu nikuite hivyo.

Ilikuwa Machi 1951. Kibanda cha mume wangu cha kuvulia samaki kilikuwa bado ziwani. Nilimtuma Signe ahesabu hatua za kwenda na kurudi, ndilo lilikuwa swali la mwisho la Kitabu cha Tatu. Akarudi akaniambia kwenda ni 388. Mimi kwenye kitabu cha majibu nilikuwa nimeandika 290. Nikamwambia, "Umekosea, nenda tena." Akaenda. Akarudi, 388. Nikamwambia, "Unafanya kusudi. Hutakula mpaka upate. Na safari hii uhesabu kurudi pia." Alikuwa akilia na mashavu yamekuwa mekundu. Mtoto mtiifu. Akaenda.

Sikuwa dirishani. Nilikuwa napiga pasi, nimekasirika, nimeligeuzia dirisha mgongo makusudi ili akirudi anikute hivyo.

Walimpata Mei, barafu ilipoisha. Hakuna aliyeweza kuniambia kama alizama akienda au akirudi. Miaka arobaini na miwili nimelala na swali hilo, mpaka ile karatasi ya binti yako. Alikuwa akirudi. Alikuwa analeta jibu.

Na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata baba yake mpaka anakufa, ni hili. Miaka kama kumi baadaye, hapa Fargo, nilikuwa nikitembea barabarani nyuma ya mwanamke mmoja na mtoto wake. Nikaona kila mama anapopiga hatua tatu, mtoto anapiga nne. Nilikaa chini palepale kwenye theluji, watu wakadhani nimeanguka. Ile 290 nilikuwa nimeipima mwenyewe, Loretta. Kwa miguu yangu. Signe alikuwa sahihi mara zote.

Umeniuliza tangu mwanzo mtaala gani umfae Junia, nami nikajifanya mwalimu. Sijui. Muulize mwenyewe. Akisema cha watoto wa chekechea, mpe cha watoto wa chekechea.

Madaftari yachome.

Orpha


Ziwa Torvik
17 Januari 1994

Mpendwa Mama Orpha,

Wendell aliyachoma siku ileile.

Yote aliyoyajua Junia yameondoka nayo. Saba mara nane haijui tena, na 16 imerudi kuwa 61. Nilimuuliza anataka kusoma kwa kitu gani. Akafikiri, akasema anavitaka vile vipande vya mbao vya rangi, ila nisimwambie mtu. Tumeanza navyo kutoka mwanzo kabisa, kujumlisha kwa mtoto wa miaka saba. Anavipanga mezani, anavigusa, anahesabu kwa midomo. Taratibu sana. Jana alifika arobaini na mbili bila kukosea, baba yake akapiga makofi kama ameona harusi. Kuhusu Mei, Wendell amesema mwenyewe, bila mimi kumsukuma: "Akianguka, ameanguka akiwa hapa nyumbani." Hilo la shule halitajwi tena.

Junia anaandika kwa mkono wa kulia. Soksi zake ni kavu.

Ila kiti cha dirishani, Mama Orpha. Hakuna anayekikalia, na kila asubuhi nakikuta kimevutwa kuelekea barabarani. Chini yake pana maji kidogo, alama mbili ndogo, kama za mtu aliyekaa na buti zenye theluji. Napangusa. Kesho yake zipo. Mwanzoni nilikuwa nikipangusa huku nikisali. Siku hizi huwa nasema tu, "Umeamkaje," na kuendelea na kahawa yangu. Hanisumbui. Hasogei mezani, hagusi penseli. Anatazama barabara tu.

Barabara wameifagia theluji tangu Ijumaa na basi la Fargo linafika mpaka dukani. Tollefson amesema atakupokea. Njoo. Nilimwita aingie ndani na akaingia, nikamwambia jibu lake ni sahihi, lakini mimi ni mama wa kuazima. Njoo umwambie mwenyewe.

Loretta